Nilivyomgawa Mjomba Akijifunza Kuogelea

Nilimgawa mjomba wangu. Nilimgawa bure, mchana kweupe, huku natafuna muwa na kucheka. Naanza na hilo kwa sababu najua watu: ningelificha mpaka mwisho, mngesema nimelipamba. Sijapamba kitu. Hapa mtaani kwetu Manundu wananijua kwa utundu, nakubali, na shuleni kikipotea kitu mwalimu wa zamu ananiita mimi kwanza, halafu ndiyo anauliza kimepotea nini. Lakini hili silisemi ili mtu acheke. Anayetaka kubisha abishe, kisha aende mtoni akamsubiri mjomba atoke majini, amtazame nywele.

Mjomba Mhina ni kaka yake mama, tumbo moja. Alikuja kwetu Korogwe kutoka Handeni mwaka ambao mahindi yao yalikauka yakiwa kimo cha goti. Aliacha mke na watoto watatu, akapata sehemu ya kulima mpunga ng'ambo ya mto, na ng'ambo huko unavuka kwa mtumbwi. Sasa mjomba alikuwa mtu wa malambo. Kwao maji ni kitu unachowahi kuchota kabla ng'ombe hawajayakoroga, si kitu cha kuingia na mwili mzima. Masika yalipokolea, mtumbwi ukapinduka wakiwa watano. Wanne waliogelea. Yeye alitolewa kwa kushikwa kola ya shati, akiwa ameshapoteza jembe na kiatu kimoja.

Jioni ile alikaa jikoni na mama mpaka chai ikapoa. Nilimsikia anasema, "Dada, siogopi kufa. Naogopa wale watoto waambiwe baba yao alikufa hatua kumi kutoka nchi kavu."

Kesho yake akaniomba nimfundishe kuogelea. Mtu wa miaka zaidi ya arobaini, na mimi kidato cha tatu. Nikamwambia ada yangu ni chipsi mayai kila Jumamosi. Akakubali bila kupunguza.

Kuna mahali kijito kinapinda kabla hakijaingia Mto Pangani, maji yanatulia yakawa kama bwawa, yanamfika mtu mzima kifuani. Mamba hawajawahi kuonekana pale. Nilichukua madumu mawili matupu ya mafuta ya kula, yale ya lita tano, nikayafunga kwa kamba ya katani, moja huku na moja huku, kamba ikapita kifuani kwake chini ya makwapa. Ndivyo tulivyojifunza sote, ila sisi tulikuwa na miaka sita. Mtoto ukimtupa majini anapiga piga mpaka anaelea. Mtu mzima anafikiri kwanza. Mjomba aliniuliza, "Nikishalaza uso, ile pumzi naitolea wapi?" Nikamwambia, "Kwa nyuma." Akalifikiria jambo hilo, naapa, kabla hajagundua kuwa namtania.

Alikaza shingo kama anabeba ndoo. Miguu ilizama yenyewe. Watoto waliokuwa wanafua na mama zao walikuwa wanamwita trekta, kwa kelele na matope. Yeye alikuwa anawapungia mkono. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, jinsi alivyokubali kuchekwa. Wiki ya sita alilala chali na madumu yake, masikio ndani ya maji, akaniuliza kwa sauti kubwa kama kiziwi, "Mpwa wangu, naelea?" Nikamjibu, "Unaelea kama kinyesi cha ng'ombe." Akacheka, akameza maji, akazama, akaibuka bado anacheka.

Wiki ya saba ndiyo siku yenyewe. Msitegemee giza wala mbalamwezi. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, wafuaji wote wameshaanua nguo wamekwenda kupika. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe na muwa wangu. Mjomba yuko katikati, anapiga miguu. Nikainua macho, nikaona mtu mwingine ndani ya maji, upande wa matete, maji yanamfika kifuani. Mzee wa makamo, kichwa cha mvi. Sikumwona akiingia. Nikasema amepita nyuma ya matete, kwani shida iko wapi?

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Shikamoo ya nini?" akasema. "Mimi ni mtani wenu. Ukoo wenu wote watani zangu, watu wa vumbi, mnaoga kwa kikombe."

Hapa lazima niwaeleze wasiojua. Kwetu mtani ana ruhusa. Anaweza kuja msibani akalala ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Anaweza kukuchukulia jogoo uani huku unamwona. Ukikasirika, wewe ndiye huna adabu. Lakini utani una kanuni yake: akichukua, unakomboa hapo hapo kwa kitu kidogo, hata pipi, hata jani la mti, ilimradi mkono wako utoe na wake upokee. Usipokomboa, kitu ni chake. Nimeyajua hayo tangu nanyonya. Na mimi kwa matusi ya utani, nani ananiweza?

"Na nyie ukoo wa vyura," nikamjibu. "Mnazaliwa na mikia."

Akafurahi. Akamwangalia mjomba. "Huyu nani, anayepiga maji kama mbuzi kaangukia kisimani?"

"Mjomba wangu."

"Nipe."

"Mchukue," nikasema. "Anakula sahani mbili."

"Dada yake atakubali?"

"Mama? Atakupa na nauli."

Mjomba alikuwa anasikia yote. Aligeuza kichwa, madumu yakamyumbisha, akasema, "Mpwa wangu, usinitoe bure. Angalau akupe kambare." Ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake. Alikuwa anacheka.

Yule mzee akanyoosha mkono kuelekea kwangu, kiganja juu. Akasubiri. Niliona mambo mawili wakati ule na sikuyajumlisha. La kwanza, maji yaliyomzunguka kifuani hayakuwa na hata kiwimbi, wakati mjomba alikuwa anayavuruga bwawa zima. La pili, alikuwa anasubiri nikomboe. Mkono wangu ulikuwa na muwa wa urefu wa rula. Ningekata pingili moja nikamrushia, kazi imekwisha.

"Huna cha kukombolea?" akaniuliza, na niamini, aliuliza kwa upole.

Nikasema, "Muwa sitoi. Mtamu huu."

Akarudisha mkono. Akazama taratibu, kichwa kikaingia mwisho, na maji yakajifunga juu yake kama mafuta. Nikahesabu akilini nione ana pumzi kiasi gani. Nilipogeuka kumwambia mjomba kuwa mtani wetu ni bingwa wa mbizi, niliona madumu tu. Yalikuwa yanaelea, kamba imefungwa vile vile, fundo langu mwenyewe halijalegea, na katikati ya kamba hakuna mtu.

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka kwanza. Nilidhani amenitania na yeye. Nikaita mara moja, mara mbili. Nikaruka na sare zangu za michezo, nikapiga mbizi, nikapapasa tope la chini kwa mikono yote miwili. Bwawa la kufika kifuani, jamani. Mtu mzima anapotelea wapi mle? Nilipapasa mpaka nikaanza kushika mizizi ya matete nikidhani ni vidole.

Niliibuka kuvuta pumzi, nikamwona. Alikuwa anatoka kule kijito kinakokutana na mto, anaogelea kunijia. Bila madumu. Hakupiga kelele, hakurusha hata tone. Alipita kando yangu, akatoka, akasimama juu ya jiwe langu, akaokota muwa wangu, akautazama, akaurudisha chini.

"Mjomba," nikasema. Nilikuwa nalia bila haya. "Shikamoo, mjomba."

Akanijibu, "Mtani."

Nguo zilikuwa zinachuruzika. Nywele zake zilikuwa kavu, zina vumbi.

Nyumbani sikusema kitu. Ningesema nini? Na kibaya zaidi ni kwamba kila mtu alifurahi. Kuanzia wiki ile mjomba hakupanda tena mtumbwi, alivuka kwa kuogelea, jembe kalifunga mgongoni. Wenye mtumbwi walikuwa wanasimama kumtazama. Hadi watu wa Masuguru walinitafuta: wewe ndiye uliyemfundisha yule? Tufundishe na sisi. Mama alipika pilau siku isiyokuwa na sikukuu. Akanipa paja, akaniambia nimemrudishia kaka yake uhai. Nilitafuna lile paja kama mtu anayetafuna kandambili.

Mama ndiye aliyeanza kuona. Mjomba hali chumvi, akionja mboga anaweka kijiko chini. Mkewe akipiga simu kutoka Handeni anaipokea, anasikiliza, halafu anamrudishia mama na kuuliza, "Nani huyo?" Utani kwake ulikwisha kabisa. Mtu aliyekuwa akiitwa trekta akapunga mkono, sasa ukimtania anakutazama usoni kama anayekukadiria uzito. Wengine wote anawaita kama kawaida, dada, kaka, jirani. Mimi peke yangu ananiita mtani, tena kwa sauti ndogo, tukiwa wawili.

Shule ilipofunga tulimpeleka kwake Handeni, mimi na mama. Mkewe alituandalia ugali na maharage, watoto wakiwa mlangoni. Yule wa mwisho, aliyezoea kumparamia baba yake mgongoni, alimwangalia mara moja akaenda kujificha nyuma ya pipa. Jioni mkewe akamwekea maji ya kuoga. Sisi tumekaa nje, tukasikia kopo linaanguka. Mkewe akatoka uani mikono imelowa, akamshika mama mkono, hakuongeza sauti hata kidogo. "Wifi, mrudishe ulikomtoa. Nimemmwagia maji kichwani kopo tatu, yanateleza. Na mume wangu alikuwa anaogopa maji. Huyu amenitazama nikimmwagia kama mtoto anayengoja peremende."

Asubuhi hakuwa chumbani. Tulimkuta Korogwe. Hakupanda basi, alitembea, na miguu yake haikuwa na hata lengelenge.

Nimejaribu kumkomboa. Kila Jumamosi saa saba naenda pale na muwa mzuri kuliko wote sokoni, nausogeza juu ya maji, nasema, mtani, nakomboa. Matete yanatikisika kwa upepo, basi. Siku moja nikajipa moyo, nikamfuata nyumbani, nikakaa naye kwenye ngazi, nikampa muwa mkononi. Nikasema, "Pokea. Nirudishie mjomba wangu." Akaunusa. Akaniwekea mapajani.

"Kula mwenyewe, mtani," akasema. "Mtamu huu."

Bibi alikuwa anatusimulia kwamba zamani sana, njaa ikibana, mjomba alikuwa na haki ya kumtoa mpwa wake kwa kikapu cha mtama, na hakuna wa kumuuliza. Sisi wajukuu tulikuwa tunawasikitikia wale wapwa. Mimi nikageuza, nikamtoa mjomba, tena sikupata hata mtama. Nilikuwa nimeshiba.

Kwa hiyo wewe unayesoma, unayejifunza kuogelea ukubwani au unayemfundisha mwenzio, sikukatazi. Funga madumu yako vizuri. Lakini mtu akikutania kutoka majini, mtazame kwanza kichwa, uone kama kimelowa. Na akikunyooshea mkono akuombe mtu wako, hata kama nyote mnacheka, hata kama mtu wako mwenyewe anacheka, toa ulichoshika. Toa muwa. Toa shati. Usijifanye bingwa wa kujibu.

Mama nilimwambia mwezi uliopita. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, mjomba yuko mtoni. Nilimweleza yote, na ile nauli, na lile neno la muwa. Hakuacha kuchambua. Aliniuliza muwa ulikuwa na urefu gani, nikamwonyesha kwa mikono. Akaniuliza kama kaka yake alicheka. Nikasema ndiyo, alicheka, alisema nisimtoe bure. Mama akapeta ungo mara mbili, akapuliza makapi, kisha akasema, "Nilikuwa na kaka mjinga na mtoto mjinga. Amebaki mmoja. Nenda kaweke sahani tatu, yule anarudi sasa hivi."