Bosi Alivyonenepa kwa Wivu Wangu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka najikuta nanusa mikono yangu. Ilikuwa mchana wa jua kali hapa hapa Somanda, Bariadi. Mbwa wetu Bosi alikuwa amelala katikati ya barabara ya vumbi, ulimi umegeuka rangi, na pacha wangu Kulwa amepiga magoti kando yake analia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi. Majirani walisema jua limemwangusha mbwa wa watu. Mimi nilijua ni mimi niliyemwangusha.

Nakusimulia haya kwa sababu naona siku hizi vijana mnaleta mbwa wa kifua kipana kutoka Mwanza, mnawapakia kwenye bodaboda mpaka hapa Bariadi, mnawapiga picha, na wenzenu wanawaandikia "amenona kweli". Kaa kidogo unisikilize. Aliyeungua ndiye anayejua moto ulipo.

Mimi ni Doto. Ukilisikia jina hilo kwetu Usukumani huna haja ya kuuliza, unajua kuna Kulwa aliyetangulia kutoka. Alinitangulia kwa muda wa kuivisha ugali, lakini aliendelea kunitangulia maisha yote. Yeye ndiye aliyesalimiwa kwanza, na yeye ndiye ambaye wageni walimkumbuka jina. Mimi nilikuwa "yule mwenzake". Sisemi alinikosea. Kulwa hakuwahi kunikosea hata mara moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, maana utamchukiaje mtu asiye na kosa?

Wakati huo tulikuwa wasichana wa miaka ishirini na kitu, tuna mgahawa wetu mdogo. Kulwa alikwenda sokoni, mimi nilipika. Mteja wetu mmoja alikuwa mnunuzi wa pamba, mtu wa mbali, aliyekuwa na mbwa aina ya buldogi. Alipohamishwa kikazi hakuweza kumchukua. Alikuwa amekaa Simiyu miaka ya kutosha kujua mila yetu, kwamba pacha hapewi kitu peke yake. Ukimpa mmoja kanga, mpe na mwenzake, la sivyo umeleta balaa ndani ya nyumba. Basi akatuita wote, akatushikisha kamba moja ya mbwa, mkono wa Kulwa na mkono wangu, akasema, "Bosi ni wenu wote wawili."

Kanga hununuliwa mbili, kuku hutolewa wawili, lakini mbwa alikuwa mmoja. Hapo ndipo mila ilipokwama.

Alikuwa kiumbe wa ajabu kwa macho ya hapa: mfupi, mpana, uso una makunyanzi kama ya mzee aliyeudhiwa, pua imeingia ndani, anakoroma hata akiwa macho. Watoto walikuja kumtazama wakiulizana kama ni mbwa au nguruwe. Nami nilimpenda siku ile ile ya kwanza, tena sana. Yeye akampenda Kulwa.

Sijui kwa nini. Kulwa alimpa kikombe kimoja cha chakula asubuhi na kimoja jioni, kama yule mnunuzi alivyoelekeza, hakumbembeleza wala hakumwimbia. Mimi nilimbembeleza. Lakini Kulwa akishika kapu kwenda sokoni, Bosi alinyanyuka na kumfuata hatua kwa hatua, kijimkia chake kinacheza. Mimi nikimwita aliniangalia kwa adabu, kama mtu anayeitwa na mdai, kisha anaendelea na safari. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikaanza kujitembeza.

Nilianza na ukoko. Unajua ukoko wa wali uliokwanguliwa kwenye sufuria ya nyama, una mafuta na chumvi. Nilimwita nyuma ya jiko, akala, akanilamba mkono. Mwanangu, nilijisikia nimeposwa! Kesho yake nikampa tena. Kisha vichwa vya sato waliotoka Kalemela, kule ziwani, kisha andazi la jana, kisha ngozi ya nyama yenye shahamu. Kikombe cha Kulwa kilibaki pale pale asubuhi na jioni, na changu hakikuwa na kipimo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kilikuwa tumbo la Bosi.

Watu husema wivu humkondesha mwenye nao. Wangu ulimnenepesha mbwa.

Na kwa mila zetu nani angeona kosa? Sisi tunamsifu mtu kwa kunenepa. Bibi harusi akirudi kwao mwembamba, wazee wanauliza kama kuna njaa huko alikoolewa. Wateja walimpiga Bosi mgongoni wakasema, "Mnamtunza kweli, mbwa amenawiri!" Mkanda wake wa shingoni Kulwa aliusogeza tundu moja, kisha la pili, akasema Bosi anakua. Mbwa wa miaka minne anakua wapi? Lakini kwa kuwa ni mbwa mpana kwa kuzaliwa, macho yetu yalidanganyika. Upana ulificha unene.

Mimi lakini niliona. Niliona hawezi tena kupanda kizingiti bila kujivuta. Niliona anakaa kitako kila baada ya hatua chache, na akilala anakoroma mpaka anajiamsha mwenyewe. Na sasa nakuambia lile ambalo sikumwambia hata padri: nilifurahi. Maana Bosi alikuwa amekuwa mzito mno kumfuata Kulwa sokoni. Akifika kwenye kona anahema, anageuka, anarudi kulala jikoni kwangu. Siku nzima alikuwa wangu. Kulwa alikwenda sokoni peke yake, akigeuka geuka nyuma, nami nilikwangua ukoko huku nikiimba.

Siku ile ya jua kali alikuwepo Senge Nyanzobe, dada yake baba, aliyetoka Mwamanyili kuja kutibiwa macho. Ujanani alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani, mwanamke peke yake kati ya wanaume, na macho yalipoingia ukungu aliendelea kujua ng'ombe kwa kupapasa. Alikuwa ameketi kivulini pembeni ya mgahawa akisubiri chakula. Kulwa akatokea kwa mbali na kapu kichwani, akaita kwa mzaha, "Bosi wee!" Na Bosi, ambaye kwa wiki nyingi hakuwa amekimbia, akakimbia.

Hakufika. Alianguka katikati ya barabara, akihema kama mtu anayevuta pumzi kupitia tundu la sindano.

Senge alisikia kilio, akasimama na fimbo yake. "Mleteni kivulini. Leteni maji, ya kawaida tu. Mlowesheni tumbo, mlowesheni nyayo, mpepeeni. Msimmwagie mdomoni, mtamzamisha." Tulifanya hivyo, mimi nikipepea kwa kanga. Baada ya muda pumzi ikaanza kurudi, na ulimi ukarudi kuwa mwekundu. Ndipo Senge akainama, akapitisha vidole ubavuni mwa Bosi. Akapapasa tena. Akakunja uso.

"Nani anamlisha huyu?"

"Mimi, Senge," Kulwa akajibu. "Kikombe asubuhi, kikombe jioni."

"Na nani mwingine?"

Wateja walikuwa wameacha kula. Senge akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wangu, akauvuta, akaunusa.

"Mkono huu una habari nyingi," akasema.

Kisha akanifundisha pale pale mbele za watu. Alinikunjisha ngumi, akanipitishia vidole vyangu juu ya vifundo. "Mbavu zikisikika hivi, mnyama ana njaa." Akanyoosha kiganja changu, nikapapasa mgongo wa mkono. "Zikisikika hivi, mifupa ipo chini ya ngozi nyembamba, huyo yuko sawa." Akageuza mkono, akanigusisha nyama laini ya chini ya kidole gumba. "Zikisikika hivi, mpaka uzitafute, amezidi." Akauweka mkono wangu ubavuni mwa Bosi. Nilizitafuta mbavu. Nilibonyeza, nikabonyeza tena. Sikuzipata.

"Mpana ni mpana wa mifupa," Senge akasema. "Hata fahali mpana, ukimtazama kutoka juu, nyuma ya mbavu anaingia kidogo, ana kiuno. Ukimtazama ubavuni, tumbo linapanda kuelekea miguu ya nyuma. Huyu ameviringika kama furushi. Doto, hukuwa unampenda. Ulikuwa unamshindania."

Kulwa hakunipigia kelele. Aliniangalia tu, akasema, "Si ungeniambia unamtaka, Doto? Ningekuachia." Nami najua angeniachia kweli. Nikamwonea wivu hata kwa maneno hayo, maana mimi nisingeweza kuyasema.

Hukumu ya Senge ilikuwa hii: kuanzia siku hiyo mimi peke yangu ndiye nimlishe na mimi peke yangu ndiye nimtembeze. Kulwa asimpe hata punje. Nilidhani amenipendelea. Kumbe!

Bwana mifugo alikuja akampima, akasema moyo bado uko salama ila tusicheze. Akaonya nisimkatie chakula ghafla kama mtu aliyekasirika, nipunguze kidogo kidogo. Nilitumia kikombe kile kile, nikikipunguza kidogo kidogo mpaka kipimo alichoelekeza, nikiongeza boga la kuchemsha lisilo na chumvi wala mafuta ili tumbo lisilalamike. Ukoko nikawapa kuku wa jirani. Wateja niliwaandikia ukutani kwa mkaa: USIMTUPIE MBWA CHAKULA, na bado kuna mwendesha baiskeli mmoja niliyemnyang'anya mfupa mkononi. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, tulitembea mpaka nyumba ya tatu na kurudi, wiki iliyofuata mpaka ya sita, tukipumzika kila alipotaka, maana mbwa wa pua fupi hapoi haraka akishapata joto. Kila Jumapili baada ya ibada mimi na Kulwa tulimpeleka kwenye ghala la pamba, tukamtia kwenye kitambaa, tukamning'iniza kwenye mizani ya pamba. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bosi alining'inia pale kwa hasira, makunyanzi yote yananitazama mimi.

Lakini mizani haikuwa mateso. Mateso yalikuwa jikoni. Alikuja kukaa mbele ya sufuria, akaniangalia kwa macho yale, na mkono wangu ulitaka kwenda wenyewe. Nikamnyima. Akalia. Nikamnyima tena. Akanyanyuka, akaenda kulala miguuni pa Kulwa, ambaye hakumpa chochote ila kivuli chake. Nilimlisha mimi, nilimtembeza mimi, na shukrani zote alipeleka kwa mwenzangu. Kuna siku nilitupa mwiko chini. Nilifikiri, kipande kimoja tu cha ngozi ya nyama na atarudi kwangu. Hakuna aliyekuwepo wa kuona. Nilikishika kile kipande mpaka kikapoa, kisha nikakipeleka kwa kuku.

Miezi ikapita. Mkanda ukarudi tundu moja, kisha la pili. Siku moja nikapapasa ubavu na mbavu zikanijibu, taratibu, kama mgongo wa mkono wangu. Nilimwita Kulwa aje ashike, tukacheka kama watoto. Kulwa akachukua kapu lake kwenda sokoni. Bosi akapanda kizingiti bila kujivuta, akavuka barabara, akamfuata, kijimkia kinacheza. Nilisimama pale nikiwatazama mpaka walipokata kona. Hakurudi kutoka kwenye kona. Alikuwa na pumzi ya kufika.

Nilimponya, mwanangu, ili aweze kuniacha. Nikikuambia haikuniuma nitakuwa nakudanganya, na mtu wa umri wangu hana muda wa uongo.

Kulwa alipoolewa Kalemela alikuja usiku wa kuagana akasema, "Bosi ni wa wote wawili. Sema wewe." Nikasema Bosi aende naye. Aliishi huko miaka mingi, mwepesi, akiwabwekea wavuvi. Nilipokwenda kuwatembelea alinipokea vizuri sana, kwa adabu ile ile ya zamani, kisha akarudi kulala alipokuwa Kulwa.

Basi shika haya. Mbwa mpana usimpime kwa macho wala kwa sifa za majirani. Pitisha vidole ubavuni, mtazame kiuno kutoka juu, mtazame tumbo kutoka ubavuni, sikiliza anavyohema na anavyopanda ngazi. Chakula kiwe na kipimo kimoja na mkono mmoja, na nyumba nzima ijue ni mkono wa nani. Punguza pole pole, mtembeze jua likiwa limelala, muulize bwana mifugo kabla hujabuni yako. Na ukimwona mtu au mnyama anampenda mwingine kuliko wewe, usimnunue kwa sahani. Anayelishwa kwa wivu hushiba, lakini hakai.

Mungu akujalie mkono unaojua kutoa na unaojua kujizuia. Akupe ndugu asiye na kosa, na moyo wa kumvumilia. Na kama umeandikiwa kupendwa wa pili, mwanangu, basi upendwe wa pili kwa miaka mingi.