Siidii ya Jiwe

Walionitia hasara hii ni wawili: shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na mpiga picha mmoja wa Sokon I. Majina siandiki. Watajisoma wenyewe.

Shemeji aling'oa masale ya mpaka, ile mimea ya majani membamba tuliyopanda na mume wangu huko mlimani, akaingia kwenye shamba langu. Mbele ya wazee wa ukoo akasema hapo hapajawahi kuwa na sale hata moja. Nikawaambia yapo kwenye picha za mazishi, kaburi liko jirani na mpaka. Wakanipa hadi Jumatano saa nane niwaletee.

Picha zenyewe zilikuwa kwenye siidii. Yule wa Sokon I alinipa akiapa: "Mama, hii siyo hizi za kawaida. Hii inachongwa kama jiwe, wajukuu wako wataikuta." Akauliza zile za kwenye kamera azifanyeje. Nikamwambia afute. Mimi niliishia darasa la nne, nilijua jiwe ni jiwe.

Jumatano asubuhi nikaenda steshenari, mtaa wa Kwa Mrombo. Shemeji akanifuata, akasimama mlangoni. Nikamwambia mama mwenye steshenari kwamba siidii hii ni ya jiwe, akaigeuza kwenye mwanga.

"Dada, amekudanganya nani? Hii ni ya kawaida kabisa. Ona ukingo ulivyobabuka."

Akaiweka. Mashine ikavuma, ikanyamaza, ikavuma tena. Za kanisani zikafunguka: kwaya, jeneza, mimi nimeshikiliwa. Akanieleza kwamba siidii huandikwa kuanzia katikati kwenda nje. Za kaburini ndizo za mwisho, ziko huko huko kwenye kubabuka.

"Ipeleke ikaombewe, shemeji," akasema yule mlangoni. Watu wa foleni wakacheka.

Ya kwanza ya kaburini ikakataa. Mama wa steshenari akaitoa siidii, akaifuta kwa kanga yake, akairudisha. Picha ikaanza kushuka taratibu toka juu: anga, mibuni, vichwa vya watu. Hapo ikakwama. Chini yote kijivu. Ila nyuma ya kofia ya mzee mmoja zilichomoza ncha tatu za majani.

"Hiyo migomba," shemeji akasema haraka.

"Migomba ya majani membamba hivi, baba?" mama yule akamuuliza. Foleni ikacheka tena, safari hii hawakunicheka mimi. Mama akanichapia picha hiyo kwenye karatasi.

Nyingine mbili, zilizoonyesha mpaka kupanda hadi kwenye mfereji, hazikufunguka kabisa.

Saa nane wazee wakaipokezana ile karatasi. Wakakubali masale matatu yalikuwepo. Kutoka hapo kwenda juu wakasema hawajaona kitu, na shemeji ni mtoto wa boma, huko juu abaki nako.

Kaburi likabaki kwangu. Mibuni ya juu, aliyoipanda mume wangu kwa mikono yake, sasa anaichuma mdogo wake. Na yule wa Sokon I bado anauza siidii za jiwe.