Ijumaa ya Kristali Mpya

Mwaka 1964, redio ikikataa kuongea mjini Homa Bay, watu walimwita Onsongo. Fundi huyu alikuwa Mgusii, Msabato wa kweli, mzito wa maneno lakini mwepesi wa kazi. Kabla hajagusa bisibisi alikuuliza, "Tangu ilipofanya kazi mara ya mwisho, mlibadilisha nini?" Watu waliapa hawajabadilisha kitu. Kumbe mmoja ameweka betri kinyume, mwingine ametia kifaa kipya kwenye redio kuukuu, mwingine amewaachia buibui nyumba humo ndani! Onsongo alisema mashine haigomi bure. Mara nyingi imebadilishiwa kitu kimoja, kingine kikaachwa vilevile.

Ndiyo maana kosa lake mwenyewe lilimuuma sana.

Hospitali moja ya misheni mjini ilikuwa na redio ya mawasiliano, na zahanati yake ya Mbita ilikuwa na nyingine. Ndani ya kila moja mlikuwa na kristali, kijiwe chembamba kinachoishikilia redio kwenye wimbi lake. Kristali zikitofautiana, utaita hadi sauti ikauke na mwenzako asisikie neno. Kutoka Nairobi zikaja kristali mpya mbili, na barua: zote mbili zibadilishwe siku ileile. Ijumaa alasiri Onsongo akabadilisha ya Homa Bay. Boti ya abiria ya Mbita ilikuwa imeshaondoka, na jua likizama Sabato ingeingia. Akaamua ya Mbita ataibadilisha Jumapili, akaenda zake nyumbani.

Jioni hiyo Teresa, mke wa mvuvi Javan, alishikwa na uchungu kule Mbita, mtoto akakwama. Muuguzi Marcella akamwita daktari kwenye redio, akaita tena na tena, asijibiwe. Mtumbwi wa kumvusha mgonjwa ulipopatikana, Teresa alikuwa ameshakata roho, na mtoto pia.

Maneno yakaenea kwamba Marcella alilala kazini. Jumatatu kamati ya hospitali ikakaa kumfukuza, Javan akaitwa asikie. Kufikia hapo Onsongo alikuwa ameshaweka kristali ya pili, na redio zilikuwa zinaongea vizuri. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, kazi itakwenda, na jina lake pia. Nami simsifu kupita kiasi: nusu ya kikao alikaa kimya huku yule dada akilia mbele yake. Ni aibu, na yeye aliijua.

Hatimaye akasimama. "Marcella aliita," akasema. "Ni mimi niliziba masikio ya Homa Bay." Akaeleza habari ya kristali bila kuficha kitu.

Javan alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hivyo huyu dada aliita?"

"Aliita, mzee."

"Na ile kristali ya zamani, kuirudisha ingechukua muda gani?"

"Dakika tano."

Mwenyekiti akataka kuingilia, Javan akamzuia kwa mkono.

"Fundi, mimi sina ugomvi na Sabato yako. Kila mtu na kanisa yake. Nauliza tu, ukitoka hapo hospitali, jua ilikuwa imeingia?"

Onsongo akainamisha kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Bado. Ilikuwa imebaki saa nzima."

"Sasa hiyo saa nzima ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nyumbani," Onsongo akasema. "Nikipiga pasi shati ya kanisa."