Skrubu Zilizopakwa Rangi ya Kucha

Kwa miaka sita hakuna mtu aliyewahi kuifungua kompyuta ya bwana aliyeitwa Rangi, na yeye alijivunia jambo hilo kama wenzake wanavyojivunia shahada. Kila skrubu ya kasha lake aliidondoshea tone la rangi ya kucha, nyekundu, aliyoichukua kwenye mkoba wa mdogo wake bila kuomba. Siku fundi akiifungua kisirisiri, rangi ingepasuka na mwizi angejulikana. Maana kwa Rangi mafundi wote walikuwa wezi: unapeleka mashine yenye vipuri vizima, inarudi na vya mashine marehemu. "Ukimpa fundi kompyuta yako," alikuwa akisema, "umempa na figo."

Alikuwa mchoraji wa kompyuta. Mabango, majalada ya vitabu vya watoto, nyuso za watu waliotaka kupendeza kuliko walivyoumbwa, vyote vilipita kwenye kibao chake cha kuchorea, katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Mkono alikuwa nao, tusimnyime haki yake. Alichokosa ni kila kitu kingine, hasa masikio ya kusikia anapoambiwa.

Na aliambiwa. Nyumba ya tatu kutoka kwake alikaa fundi wa kompyuta, mama wa makamo aliyevaa lenzi juu ya paji la uso hata alipokwenda dukani. Siku moja alipita dirishani, akasimama.

"Rangi, hiyo feni inalia. Niletee nipulize vumbi. Dakika ishirini tu, na wewe ukae hapohapo unitazame."

"Haina shida, fundi. Ndivyo inavyopumua."

"Basi angalau nakili kazi zako mahali pengine."

"Woga wako wauzie wengine, mama."

Fundi akacheka, akaenda zake. Huyo ni mtu aliyezoea kungoja watu warudi wenyewe.

Sasa tumlete mdogo wake. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa baada yake hakuzaliwa mwingine, na hakuzaliwa mwingine kwa sababu mama yao alifariki siku ileile aliyomzaa. Rangi alikuwa na miaka minne, na katika miaka minne ile hakubaki na sura ya mama yake hata kidogo, isipokuwa harufu ya sabuni. Baba hakukawia kufuata. Walilelewa na mama mkubwa, dada wa marehemu, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuzimika kabisa. Ya mama ilibaki picha moja tu, ndogo, iliyonatana na kioo cha fremu na kuliwa na unyevu. Doa la kahawia lilianzia sikio moja, likashuka kidevuni, likapanda hadi sikio la pili. Ukiitazama unaona macho mawili na ukungu.

Kitinda aliolewa, akashika mimba, na mimba ilipofika mwezi wa nne akaja na ile fremu ameifunga kwenye kanga.

"Kaka, nakaribia kufika umri wa mama. Ule aliokufa nao." Alikaa kwenye kiti cha wateja, akawa anavuta uzi wa kanga. "Nina hofu. Nataka nimwone kabla sijaingia chumba cha kujifungulia. Niingie naye. Utaweza kumtoa humo?"

"Nipe wiki mbili," alisema Rangi.

Siku ileile aliipitisha picha kwenye skana, na kioo chake juu. Ikatoka hafifu, lakini ikatoka. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Rangi alitaka iliyo safi zaidi, akailoweka kwenye beseni ili picha iachane na kioo, kama alivyosikia kwa wenzake wa kazi. Iliachana kweli. Uso wa mama yake uliteleza kwenye karatasi kama utando wa maziwa, ukakunjika, ukaenda na maji. Alibaki na kikaratasi cheupe. Alishtuka, kisha akajituliza kwamba nakala iko ndani ya kompyuta, na kwamba hapana haja ya kumwambia mtu. Akaitupa karatasi, akaosha beseni.

Wiki mbili zikawa mwezi. Kazi za wateja zilikuja, na wateja wanapiga kelele, ilhali marehemu na mdogo wake hawakupiga. Kila Kitinda alipouliza alijibiwa "nimo humohumo," na hakuwa amegusa hata mstari mmoja.

Miezi minne na nusu ilipotimia tangu alete ile fremu, Kitinda alikuja anatembea kwa kuegemea ukuta. "Daktari amesema muda wowote kuanzia wiki ijayo."

"Jumapili utakuwa nayo," alisema Rangi, na kwa mara ya kwanza alimaanisha. Mdogo wake alipoondoka, Rangi aliketi, akawasha kompyuta. Feni ikapiga ukunga, ikanyamaza. Monita ikaandika mstari mmoja mweupe, ikafa. Akawasha tena. Ndani ya kasha kitu kikagonga tik, tik, tik, kisha kimya. Aliwasha mara kumi na moja, na kila mara aliizidishia ugonjwa.

Maji yalipomfika shingoni akabeba kasha lake mikononi hadi kwa fundi.

Fundi alishusha lenzi machoni, akagusa skrubu. "Hii nini?"

"Rangi ya kucha."

"Ya nini?"

Rangi akatazama mlango. Fundi hakuuliza tena, akaikwangua moja moja kwa ncha ya bisibisi, polepole kuliko ilivyohitajika. Kasha likafunguka. Vumbi lilikuwa limeshikamana na feni kama blanketi, aliweza kulikamata kwa vidole viwili na kulinyanyua lote kwa pamoja. Alilinyanyua, akamshikisha mwenyewe.

"Hilo ndilo lililoipika diski yako. Una nakala?"

"Sina."

"Kuna kitu gani cha lazima humo?"

"Picha ya mama yangu."

"Si unayo yenyewe ya karatasi?"

"Ninayo," alisema Rangi. Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo.

Fundi alisema kuna mtu anayemfahamu mwenye vifaa vya kufufua diski, yuko mbali, itachukua hata miezi mitatu, na asitegemee. Akamwazima kompyuta yake ya zamani ya mapajani.

Sasa hapa ndipo ningependa kusema kwamba alikwenda kwa mdogo wake akamweleza ukweli. Alichofanya ni kufungua simu, akachukua picha ya Kitinda mwenyewe, akaiweka chini ya tabaka zote na kuanza kuchora juu yake. Alimbadilisha nywele zikawa za zamani. Alimvika gauni lenye kola. Pua aliipanua kidogo, macho akayapa uchovu. Masikio madogo yaliyolala na kidevu laini cha mviringo aliviacha kama vilivyo. Siku tatu mchana kutwa alichora, na uchungu wa jambo ni kwamba alichora vizuri mno.

Kitinda alipoiona alikaa chini sakafuni na tumbo lake. "Kumbe mimi ni yeye," alisema. "Kaka, kumbe miaka yote nilikuwa namwona kwenye kioo." Alilia mpaka akacheka.

Mama mkubwa naye alikuwapo. Alipapasa fremu mpya pembeni. "Na masikio yake umeyaweka? Tulimtania sana na yale masikio."

"Nimeyaweka, mama mkubwa."

"Ya zamani iko wapi? Nirudishieni, niliizoea mkononi."

"Nimeihifadhi isiharibike."

Kitinda alijifungua salama, picha ikiwa mezani karibu na kichwa chake. Mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Kwa mwezi wa kwanza watoto wote hufanana, na watu waliridhika. Mwezi wa pili uso ulianza kujipanga. Masikio yakachomoza pande mbili kama vishikio vya kikombe, na kidevu kikagawanyika katikati kwa kishimo. Hakuna mtu wa upande wa baba mwenye masikio hayo. Mama mkwe wa Kitinda alianza kwa mzaha, "mjukuu wangu huyu katokea wapi?" Mzaha ukarudiwa mpaka ukaacha kuwa mzaha. Shemeji, mumewe Kitinda, akaanza kula bila kuongea. Aliposhauriwa aende maabara kupima kama mtoto ni wake alisema hataki kuaibishwa mara mbili.

Katika wiki hizo hizo fundi alipiga simu. Diski imefufuka, si yote, lakini folda ya skana imo.

Rangi aliifungua picha asubuhi, mlango ameufunga. Aliinua weusi, akapunguza kahawia, akalipunguza doa tabaka kwa tabaka kama mtu anayemenya kitunguu. Alifanya kazi kama alivyopaswa kuifanya miezi saba iliyopita. Saa nne sikio la kushoto lilijitokeza. Lilikuwa limechomoza. Kisha la kulia. Alipofika kidevuni aliikuza picha, akaendelea. Kishimo kilikuwa pale katikati.

Alikuwa anamtazama mama yake, na alikuwa anamtazama mtoto wa Kitinda. Alilia, na alistahili kulia. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Akaitia kwenye flashi.

Jumamosi alasiri aliitwa kwenye kikao, sebuleni kwa shemeji. Alikwenda na flashi mfukoni, na nataka ijulikane kwamba alikwenda amepiga moyo konde kusema. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Alipoingia akakuta ile picha yake imetolewa chumbani na kuegemezwa kwenye kochi, imekaa kama mjumbe wa kikao.

Mama mkwe alikuwa na mtoto mapajani, amewageuzia watu sikio lake. "Sisi hatuna masikio haya. Upande wenu nimewaona wote walio hai, hamna. Nikasema nisihukumu, labda kwa marehemu. Marehemu huyu hapa. Yako wapi?"

"Alikuwa nayo," mama mkubwa alisema kwa ukali kutoka pembeni. "Mdogo wangu alikuwa nayo hayohayo! Niliyavuta mimi mwenyewe tukiwa watoto."

"Mama, samahani, wewe huoni. Na huyu umemlea, lazima utamtetea."

"Mikono yangu inaona!"

"Picha inaona zaidi," alisema mama mkwe, akamgeukia Rangi. "Baba, wewe ndiye uliyeichora, na ile ya zamani ulikuwa nayo mkononi. Hatutaki maneno mengi. Masikio ya mama yako yalikuwaje?"

Shemeji aliinua kichwa. Sura yake ilikuwa ya mtu anayeomba apewe sababu yoyote ya kuamini. Kitinda hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alimtazama kaka yake kwa upole, akiwa na hakika naye.

Kulikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Rangi aliiona mbele yake yote: nilidanganya. Baada yake aliona zile zitakazofuata: picha iko wapi, uliiloweka kwenye nini, kwa nini hukusema, na mdogo wake akitazama ile fremu aliyoingia nayo leba, aliyoiita mama usiku kucha akipiga kelele, na kujua kwamba alikuwa akijiita mwenyewe. Aliigusa flashi juu ya shati.

"Kama mnavyoyaona kwenye picha," alisema.

Shemeji aliinuka, akaingia ndani, akaanza kutoa nguo za mkewe kabatini.

Kitinda anaishi kwa kaka yake sasa, katika chumba cha nyuma. Alikuja na mtoto mgongoni na picha kwapani, na picha ameitundika juu ya meza ya kazi, mahali Rangi hawezi kuinua macho bila kukutana nayo. Mama mkubwa haji tena, na akipigiwa simu anauliza habari za mtoto tu. Kwa upande wa mashine Rangi ameshika adabu. Kila mwezi fundi anakuja kupuliza vumbi, skrubu hazina rangi, na kila kazi inanakiliwa mara tatu. Uso wa mama yake anao katika diski tatu, na huufungua wakati Kitinda yuko bafuni.

Juzi Kitinda alimketisha mtoto juu ya meza, kando ya kibao, akatoa kitambaa kirefu alichokishona mwenyewe.

"Kaka, nishikie kichwa chake, ananisumbua. Nimeambiwa ukimfunga kila siku akiwa bado mdogo masikio yanalala." Aliinua macho ukutani, akatabasamu. "Nataka yakae kama ya bibi yake. Bila wewe hata nisingejua yalikuwaje."

Mtoto alianza kulia kabla hajaguswa. Rangi alisogeza kiti, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamshikilia asitikisike mpaka mama yake alipomaliza kukaza fundo.