Mifuko ya Sketi

Jumamosi nilipeleka suruali kwa fundi wangu pale Makina, nikamkuta msichana wa miaka kama kumi amemletea sketi ya shule.

"Mfuko imeraruka?" fundi akauliza.

"Hapana. Nataka uzishone zifungike, zote mbili."

Fundi akacheka. Amezoea watoto wanaomwomba aongeze mifuko. Mimi na umbea wangu nikaingilia: "Sasa pesa ya chapo utaweka wapi?"

"Kwa mkono." Akatukagua kwanza, mmoja mmoja, kuona kama tutamcheka. "Watoto wa class yetu huwa wananiwekea githeri ya wengine kwa mfuko, halafu wanaambia ticha nimeiba. Siku hizi hata sikuli lunch."

"Na mama anajua?"

"Nilimwambia hii ni fasheni."

Fundi hakucheka tena. Alishona mstari mmoja, akaongeza wa pili bila kuombwa. Msichana akajaribu kupenyeza kidole, kikakataa, na hapo ndipo nilipomwona akitabasamu. Akaivaa sketi papo hapo, juu ya rinda lake.

Najua kuna watakaoniambia huo ni utani wa watoto tu, utaisha wenyewe. Labda. Lakini nilimtazama akishuka kuelekea msikitini, na njia nzima viganja vyake vilikuwa vimebana mapaja, pale pale mifuko ilipokuwa.

Fundi naye aliona.

"Na si nimeshona mara mbili," akaniambia, kama mtu aliyelaumiwa.