Mchango wa Mashine Isiyoharibika

Ipo siku moja ambayo siisahau, mwanangu: siku mashine yangu nzima, isiyo na homa wala kikohozi, ilipowekewa mikono na kuombewa ipone. Nilisimama pembeni nimeinamisha kichwa kama wenzangu, na sikujua niseme amina au nikimbie.

Nakuletea kisa hiki kwa sababu juzi nilikuona kituo cha mafuta pale Minto, huku kwetu Sydney. Ulikuwa umeshika mpira wa pampu, nyuma yako trela lenye mashine ya kuoshea kwa presha na tangi la maji, na macho umeyakaza kwenye kibao cha bei. Nilikupigia honi hukusikia. Uso ule naujua, nimewahi kuwa nao. Watu hudhani kazi yetu inataka maji tu. Hawajui kwamba gari linakunywa petroli, mashine inakunywa petroli, na mwenye kazi anabaki na chai ya rangi ili hizo mbili zishibe.

Miaka ile nilikuwa kijana, nywele ninazo bado, sina miaka mingi tangu nitoke Tanga. Nilikuja kusoma, masomo yakaisha, nikabeba maboksi kwenye ghala hadi mgongo ukanikataza, kisha nikanunua mashine. Nikawa naosha njia za magari, kuta, ngazi na uzio. Watu wetu wakaniita Bakari wa Maji, na jina lile nililipenda kuliko la kwenye pasipoti.

Wateja wangu walikuwa wa namna mbili. Mwenyeji wa huku akinipigia simu kuuliza nitamwoshea njia yake ya gari kwa kiasi gani, bei ilinitoka kwa Kiingereza bila kukwama. Petroli ilipopanda nikaongeza. Aliyekubali alikubali, aliyekataa alikata simu, na hatukununiana. Lakini akinipigia mtu wetu, mambo yalikuwa mengine kabisa. Anaanza na hali yangu, anakwenda kwa wazee Tanga, anauliza mguu wa mama umepoa au bado unamsumbua. Nami namuuliza za kwake. Tukija kufika kwenye kazi yenyewe, ulimi umeshakuwa mzito. Utamtajiaje bei mtu aliyetoka kukuulizia mguu wa mama yako? Basi najibu, "Ah, usijali bwana, tutaelewana."

Hatukuelewana, mwanangu. Kila mtu alinipa alichoona kinafaa, na alichoona kinafaa kilikuwa kilekile cha mwaka uliopita, na mwaka uliopita petroli ilikuwa na bei ya kibinadamu. Wengine walinifungia maandazi. Mmoja alinipa jogoo, na hapa Sydney sheria za jogoo huzijui mpaka majirani wakufundishe. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka, gari limekauka, mkononi nimeshika bakuli la chakula, na mke wangu ananiuliza kama nafanya biashara au natembelea jamaa. Nilishindwa kumjibu kwa sababu na mimi nilikuwa najiuliza.

Aliyenivuruga zaidi alikuwa Mama Furaha. Huyu alikuwa mjane kutoka Bukavu, Kongo, wa umri wa mama yangu, akiishi peke yake Cabramatta. Ngazi za mbele ya nyumba yake hazipati jua, na kila baridi ikiingia zinafanya utando wa kijani unaoteleza. Kuziosha ni kazi ndogo. Lakini kutoka Minto hadi kwake na kurudi ni petroli, na ukishamaliza huondoki, lazima unywe chai, ule sombe, kisamvu cha kwao, uangalie picha za wajukuu, uziangalie tena. Malipo yake yalikuwa noti iliyokunjwa ndani ya kitambaa, ambayo haikutosha hata kunirudisha nyumbani, na dua ndefu. Nilimpenda sana yule mama. Na kila alipopiga simu, nilianza kuhesabu lita.

Basi baridi moja petroli ikapanda tena, Mama Furaha akapiga. Nikaiona namba yake, nikapokea, na kabla sijajua ninasema nini nikasikia sauti yangu ikisema, "Mama, nisamehe. Mashine imekufa."

Akanipa pole nyingi. Nilipokata simu nikajisikia nafuu, kisha nikajisikia mchafu, kisha nikaenda kuosha uzio wa mzungu mmoja kwa mashine ileile iliyokufa. Na kwa kuwa uongo ulikuwa umeshazaliwa, nikaulea. Kila mtu wetu aliyenipigia nilimwambia hivyohivyo. Nilidhani nimepata njia ya kupumua bila kumvunjia mtu heshima.

Ila nilisahau watu wetu ni watu gani. Ukisema umefiwa, wanakuja. Ukisema umelazwa, wanakuja. Kumbe hata ukisema mashine imekufa, wanakuja. Jumamosi iliyofuata Mzee Mutua akanipigia. Huyu alikuwa Mkenya, muuguzi aliyestaafu, na nyumba yake ya Campbelltown ndiyo ilikuwa baraza letu sote. Harusi, msiba, mtoto kumaliza shule, yote yalipangwa sebuleni kwake.

"Bakari, kesho unakuja kwangu," alisema. "Na ulete hiyo mashine. Watu wamechanga. Tunataka tuone ni part gani imeharibika tukununulie. No worries, bro, hii ni community."

Nikamwambia mzee, hapana, msijisumbue. Akacheka, akaona ni adabu. Nikamwambia kweli kabisa, sihitaji. Akazidi kuona nina adabu. Mwanangu, kwetu sisi ukikataa kitu mara mbili ndiyo umekubali vizuri, nami nilikuwa nimenaswa ndani ya adabu yangu mwenyewe.

Usingizi sikuupata vizuri. Nikiwa njiani kwenda Campbelltown nikaamua kwamba nikikaribia nitasimama, nichomoe plagi ya injini, mashine iwe imeharibika kweli. Nikaona hapana, nitasema ukweli nikifika. Kisha nikaona nitasema ukweli baada ya kula. Nilikuwa bado nachagua nilipokata kona na kumkuta Mzee Mutua amesimama barabarani, ananielekeza kwa mikono yote miwili nirudishe trela nyuma.

Watu walikuwa wengi. Walikuwepo niliowaoshea na ambao sijawahi kuwaona. Mama Furaha alikuwa amekaa kwenye kiti kibarazani, kiganja cha mkono wa kulia amekifunga kipande cha kitenge. Nikamwamkia, akanipokea kwa mkono wa kushoto. Mke wa Mzee Mutua akaninong'oneza kwamba mama ndiye aliyeanzisha mchango, yeye ndiye aliyetoa wa kwanza, na kwamba amepanda treni kutoka Cabramatta asubuhi ile kwa ajili yangu.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Nikaufungua, na Mzee Mutua akasema, "Tuombe."

Wakaizunguka mashine. Mwenye kuweka mkono juu ya injini akaweka, mwenye kushika gurudumu akashika. Mzee Mutua akaomba kwa Kiswahili na Kikamba, akataja mikono yangu, watoto wangu watakaozaliwa, akaikemea roho ya kuharibika. Mimi Mwislamu wa Tanga nikasimama palepale nikimwomba Mungu ardhi ipasuke kidogo, pembeni tu, nipite.

Dua ikaisha. Mzee Mutua akakunja mikono ya shati. Alikuwa amewahi kutengeneza majenereta huko Machakos kabla ya uuguzi, na alitaka kusikiliza injini mwenyewe. Akashika kamba ya kuwashia, akavuta mara moja.

Ikanguruma.

Sijawahi kuisikia ikinguruma vizuri vile. Mama mmoja akapiga kelele, "Haleluya!" na uwanja mzima ukalipuka. Watu wakakumbatiana, vigelegele vikapigwa, Mzee Mutua akawa anafuta machozi kwa mkono wenye mafuta. Wakanikumbatia mmoja baada ya mwingine, nikajikuta nami nasema alhamdulillahi, tena kwa sauti. Sikujua nicheke au nilie. Kwa dakika moja, na naona aibu kukwambia, nilifikiri labda kweli ilikuwa imeharibika.

Ni Mama Furaha peke yake ambaye hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama. Watu walipoingia ndani kula, akanyanyuka kitini.

"Bakari, mutoto yangu, nirudishe ku nyumba."

Nikamsaidia kupanda gari, tukaondoka. Mashine nyuma ilikuwa inagongagonga kwenye trela. Tulipokaribia kwake akasema, "Ile mashine haikukuwa mugonjwa."

Nikasema, "Hapana, mama."

"Juu ya nini, sasa?"

Nikamwambia yote, hovyohovyo, petroli, umbali, noti ya kwenye kitambaa, kwamba nilishindwa kumtajia bei mtu wa umri wa mama yangu, kwamba niliogopa kuonekana mchoyo. Nilidhani atalia. Alikasirika.

"Wewe unasema ni heshima? Hapana. Miye nilikuwa ninakula petroli yako, mwaka na mwaka, na sikujua. Ulinifanya mwizi, Bakari, bila kuniuliza. Mutu muzima kama miye, leo niko mwizi."

Nilikuwa nimejiona mimi ndiye niliyeibiwa, niliyebeba mzigo kimyakimya, mtu mwema. Sasa ninaambiwa kwamba wema wangu umemvua mama wa watu heshima yake. Nililigeuza lile jambo kichwani na sikuona pa kulishikia.

Tukafika. Alianza kuzunguka nyuma ya nyumba, anakanyaga majani mabichi kwa viatu vyake vya ibada. Nikamuuliza kwa nini hapiti mbele. Akainua ule mkono uliofungwa kitenge.

"Niliteleza ku ngazi. Siyo kitu. Haikuvunjika."

Mwanangu, nilishuka nikakaa kwenye ukingo wa trela. Uongo wangu ulikuwa na mahali pa kuangukia, nao ulikuwa umeangukia kwenye mkono wa yule mama, na kwa mkono huohuo alitoa mchango wa kwanza. Niliona uchungu ambao sikujua niuweke wapi. Nikainuka, nikaunga mpira wa maji, nikashika kamba.

"Ngoja," akasema. "Sema bei kwanza."

"Mama, leo siwezi. Leo ni bure."

"Sema bei, ao urudi Minto."

Nikataja. Bei ya kweli, yenye petroli ya kwenda na kurudi, ileile ambayo ningemtajia mwenyeji wa huku. Ilinitoka kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza, na masikio yaliniwaka moto.

Mama Furaha akashika kiuno, mshangao ukamtoka kwa Kifaransa. "Quoi? Bei kali vile? Kwa ngazi kidogo hizi? Unataka kuniua?"

Nikachanganyikiwa upya. "Lakini mama, si wewe uliyesema nitaje?"

"Nilisema utaje. Sikusema nitakubali."

Na tukaanza. Alinishusha, nikapanda, akanionyesha jinsi ngazi zilivyo fupi, nikamwonyesha kijani kilivyoingia kwenye nyufa. Alitaja mteremko wa barabara unaosaidia gari lisile mafuta. Akasema majirani zake wawili wana njia za magari chafu, nikija kwake siku hiyohiyo niwaoshee na wao, safari igawanywe. Hilo wala sikuwa nimelifikiria. Tukapatana kwa bei ambayo petroli yangu ilikuwemo na kikombe cha chai kilikuwemo. Nilipoangalia uso wake nikaona kitu ambacho miaka yote ya kuniwekea noti kwenye kitambaa sikuwahi kukiona. Alikuwa anafurahia. Nilikuwa nimemnyima haki ya kupatana bei, mama aliyeuza vitenge sokoni Bukavu nusu ya maisha yake.

Nikaosha zile ngazi hadi zikawa nyeupe, na akapita mbele.

Kurudi kwa Mzee Mutua kulikuwa kugumu kuliko hapo. Nilimkuta ameshasimulia muujiza kwa simu kwa nusu ya jamaa zake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na sasa nitawaambia nini watu wa kanisa?" Sikujua, na mpaka leo sijui aliwaambia nini. Waliochanga tulitaka kuwarudishia, wengi wakakataa, wakasema kilichotoka mkononi kimetoka. Kwa pesa hizo ikanunuliwa ile sufuria kubwa ya jumuiya, ambayo wewe mwenyewe umekula pilau yake mara nyingi. Wapo walioacha kunipigia simu kabisa. Nikiiona ile sufuria hadi leo huwa naona aibu na njaa kwa pamoja.

Sasa sikiliza. Petroli itapanda, itashuka kidogo ikudanganye, itapanda tena. Kwa hilo sina dawa, nami sidai ninalielewa. Ninachokwambia ni hiki: mtu wako akikupigia, muulize hali, muulize mguu wa mama yake, uulize kwa moyo, kisha mtajie bei yako, na umweleze kwa nini imepanda. Muache alalamike, akushushe, mpatane. Ukimwona hawezi kabisa, msaidie, lakini ajue kwamba amesaidiwa. Usimfanyie mtu wema wa siri halafu umnunie kwa siri. Na yule wa mbali usimkimbie, mwombe akutafutie majirani. Nilichelewa kuyajua haya, na kuna mama aliyeumia mkono kwa sababu hiyo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe afya ya mgongo na barabara isiyo na foleni. Akupe wateja wanaobishana nawe mchana na kukuombea jioni. Akujaalie mashine inayowaka kwa mvuto mmoja, na mdomo unaofunguka kabla yake.