Bomba la Mwisho la Tope

Walimwita Mama Tope, naye hakuwahi kulalamika, maana kazi yake ilikuwa tope na harufu yake ilikuwa tope. Tope la mikoko linanuka yai viza, na harufu hiyo haijali sabuni. Dada yake, mtu asiyejua kumumunya maneno, alikuwa akifungua madirisha yote kwanza ndipo amkaribishe ndani.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chini kabisa ya jengo la maabara, na ndani yake mlikuwa na matanuri mawili, mizani, na friza kuukuu iliyonguruma kutwa nzima. Tope lilimfikia likiwa ndani ya mabomba ya plastiki. Alilikata vipande, akavikausha, akavisaga, akavipima, akavichoma, kisha akavipima tena. Kilichopungua ndicho kilichowahi kuwa uhai: majani na mizizi iliyokufa kabla babu ya babu yake hajazaliwa. Kwa hesabu hiyo watu wa ghorofa za juu walijua mikoko imezika kaboni kiasi gani. Kule chini ya mizizi maji yamejaa na hewa haifiki, basi hakuna kinachooza upesi. Lakini lifukue tope hilo, lipigwe na hewa, uone kilichotunzwa miaka na miaka kinavyoanza kutoroka.

Aliyekuwa akilichimba ni mume wake. Ndivyo walivyofahamiana, mmoja anachimba kule na mwenzake anachoma huku. Mume huyo alikuwa na tabia moja ya kuudhi. Kabla ya kulifunika bomba, alibonyeza dole gumba kwenye ncha ya chini ya tope, apate kujua kama amefikia udongo mgumu. Kipande kilichoguswa na mkono hakipimwi. Kwa hiyo kila bomba lilipofika, Mama Tope alikikata kile chenye shimo la dole na kukitupa ndooni, huku akisonya.

"Unanichafulia kazi," alimwambia wakiwa mezani.

"Sikuchafulii. Nakusalimia."

"Salamu gani hiyo ya matope?"

"Basi njoo siku moja nikusalimie vizuri. Miaka yote hii unaijua mikoko kwa kuichoma tu."

"Nitakuja."

Hakwenda. Mara kazi zimemzidi, mara mvua, mara hana viatu vya kufaa. Halafu mume akaugua, na ugonjwa wenyewe haukumpa hata nafasi ya kupambana nao.

Mabomba aliyoyaacha, Mama Tope aliyakausha yote ila moja. Hilo alilisukuma nyuma kabisa ya friza, na kila alipoulizwa alisema zamu yake haijafika. Uongo mtupu, na kila mtu alijua, ila nani angemwambia?

Kufiwa kulimuuma, lakini kilichomkosesha raha ni ile ndoo. Salamu zote zile alizimwaga kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa hasira. Nyumbani alibaki yeye na redio, na redio huongea bila kungoja ujibu.

Asubuhi moja mkuu wa maabara, kijana mwenye adabu zake, alishuka akasimama mlangoni.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Friza inaondolewa wiki hii. Lile bomba la nyuma... nilipime mimi?"

"Hapana, mwanangu. Nitalipima mwenyewe."

Aliliacha mpaka barafu ikayeyuka, akafungua kifuniko. Shimo lilikuwepo, hata ukingo wa ukucha ulionekana. Alikaa kwenye kiti akalia, na friza ikanguruma kama kawaida yake. Kisha akanawa uso akafanya kazi, kwa sababu mumewe alilichimba lipimwe. Alikata, akakausha, akachoma. Kipande cha mwisho tu ndicho alichokitia kwenye kopo lake la chakula.

Jioni, nyumbani, alikiweka mezani akakitazama. Kingo zake zilishaanza kukauka na ufa mwembamba ulikuwa ukielekea shimoni. Kama kuna mtu aliyejua maana ya ufa ule, ni yeye. Alikifunga kwa kitambaa kilicholowa, akampigia dada yake simu.

"Umeleta tope nyumbani?" dada akauliza. "Harufu ya nguo haikutosha?"

"Lina dole lake, dada. Na linakauka."

"Lipige picha basi."

"Nataka kulirudisha lilikotoka. Huko ndiko halitaharibika."

"Nije twende wote?"

"Hapana. Ni mimi niliyeahidi kwenda."

Alikwenda siku ya mapumziko, maji yakiwa yamekupwa, amevaa viatu vya mpira vya marehemu vilivyompwaya. Kaa walimkimbia. Mizizi ilimkwaza kila alipogeuka, na ile harufu iliyomfanya akwepwe na watu, hapa haikumshangaza yeyote. Alitamani mtu wa kumwambia hivyo, amcheke kidogo.

Alipiga magoti akachimba kwa mikono mpaka bega likagusa tope. Akakishusha kipande chini shimoni, alama ya dole ikiwa juu. Maji yakaanza kuchuruzika kutoka pembeni, na kipande kikalegea, kikataka kuelea. Ilibidi akigandamize kwenye tope. Na kukigandamiza ni kulifuta dole.

Tangu alifungue lile bomba hakuwa amethubutu kuingiza kidole kwenye alama ile. Sasa aliingiza dole gumba lake. Lilikuwa dogo, likapwaya kama miguu yake kwenye vile viatu.

"Nimekuja," alisema.

Akabonyeza, na hakukuwa tena na alama ya dole la mtu mle ila lake.